Mwenzako Ana Kitu Usichonacho: Maswali Kuhusu Michezo ya Kuzungumza

Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanayajua majibizano yote ya kitabuni, lakini mgeni akiwauliza swali moja la Kiingereza wanakimbia. Nifanyeje?

Barua za Mkwaja, Matipwili na Bagamoyo mjini zimeuliza hilihili, nazijibu pamoja. Mnachokiita mazungumzo ni maigizo. Asha anamwuliza Juma anaishi wapi, ilhali nyumba zao zinatazamana. Nani hapo anataka jibu? Kitendawili ni tofauti: anayekitega analo jibu, wenzake hawana, na wakishindwa wanampa mji. Ndiyo maana hakuna anayesinzia. Sasa leteni hilo darasani. Mmoja apewe picha: ngalawa mbili, mnazi, kiboko katika mto Wami. Mwenzake awe na karatasi tupu na penseli. Waketi wamepeana migongo. Mwenye picha aeleze, mchoraji aulize: kiboko yuko kulia au kushoto? Ngalawa zimetweka tanga? Halafu walinganishe. Kiboko akionekana juu ya mnazi watacheka, na watajua wenyewe ni sentensi gani iliyowaponza. Tafadhali, msiwape wote wawili picha ileile! Nimeyaona hayo, tena kwa walimu wenye shahada. Hapo hakuna la kuuliza, basi hakuna mchezo.

Nina wanafunzi 70. Michezo si ya shule za kulipia?

Wakiongea wawiliwawili, 35 wanasema kwa wakati mmoja. Ukiwasimamisha mbele, anasema mmoja. Kuhusu kelele, mtaarifu mkuu wa shule mapema.

Nimrekebishe mwanafunzi kila anapokosea?

Hapana. Andika makosa daftarini, yaeleze mchezo ukiisha, bila kutaja jina la mtu.

Shuleni kwa mwanangu, anayeongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni. Kinasaidia?

Kinasaidia kufundisha kunyamaza na kuchongeana, maana aliyekivaa hushinda akimvizia wa kumrithisha. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Anafika sekondari, lugha imegeuka. Kisha mnamvisha kibao! Katika mchezo, Kiswahili kitumike kuombea neno lililokosekana, naye aendelee palepale.

Kuna mtu anauza kozi ya kuongea Kiingereza kwa wiki mbili. Nijiunge?

Tunza pesa zako.

Mimi ni mwongoza wageni katika hifadhi ya Saadani, sina darasa wala mwalimu.

Una wenzako kazini, wanatosha. Mmoja awe mgeni, achukue kadi ya siri: anaogopa mamba, au hali samaki, au amekuja akitaka kumshika kasa wa ufuko wa Madete. Wewe umpeleleze kwa maswali mpaka umjue, halafu umjibu, na huyo wa kasa umkatalie kwa adabu. Badilishaneni zamu. Ila acheni kukariri ile hotuba ya hifadhi inayokutana na bahari. Mgeni ameshaisoma kwenye kipeperushi.