SOMO LA KUMI NA NNE: MAKULI WA BANDARI NA UMOJA WAO



Ukisimama penye stesheni ya Ruvu, unaiona Reli ya Kati. Reli hii ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1914 ilifika Kigoma. Kwa miaka mingi imebeba abiria na mizigo kwenda bandarini na kurudi bara. Mwaka 1947 ilibeba kitu kingine: habari za mgomo. Leo tusome habari hizo.

Kazi ya bandarini

Kabla ya mwaka 1956, bandari ya Dar es Salaam haikuwa na gati la meli kubwa. Meli zilitia nanga majini, mbali na ukingo. Makuli waliingia ndani ya meli na kufunga mizigo. Mizigo ilishushwa katika matishali, kisha matishali yakavutwa hadi pwani. Huko makuli wengine waliipokea na kuipeleka maghalani. Ilikuwa kazi nzito na ya hatari. Kamba ikikatika, mzigo humwangukia mtu.

Wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Meli ikija, walipata kazi. Meli isipokuja, hawakupata hata senti. Lakini mwenye nyumba alitaka kodi yake, na watoto walitaka kula, meli ije isije.

Migomo mitatu

Mwaka 1939 vibarua wa bandari waligoma. Walitaka malipo bora. Lakini waligoma peke yao, na mgomo wao ulishindwa. Mwaka 1943 watu wa bandari waligoma tena.

Baada ya Vita Kuu ya Pili maisha yalizidi kuwa magumu. Bei za nguo na chakula zilipanda, lakini mishahara haikupanda sawasawa na bei. Septemba 1947 makuli waliacha kazi. Safari hii hawakuwa peke yao. Wafanyakazi wa reli waliungana nao, na wafanyakazi wengine wa mjini pia. Kisha mgomo ukaifuata reli kwenda bara, ukafika Dodoma na Tabora. Serikali ya kikoloni ilishtuka. Liliundwa baraza la kusikiliza shauri hilo, na baraza likaamua makuli waongezewe malipo.

Umeona tofauti? Mwaka 1939 kuli alikuwa jino moja. Jino moja haliumi nyama. Mwaka 1947 meno yalikuwa mengi.

Chama chapatikana, chama chapotea

Baada ya ushindi huo makuli waliimarisha chama chao. Abdulwahid Sykes alipata kuwa katibu wake. Baadaye, mwaka 1954, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa TANU. Lakini Februari 1950 ulitokea mgomo mwingine. Mgomo huo uligeuka ghasia, watu wakapambana na polisi. Mwaka huo huo chama kikavunjwa. Makuli wakabaki bila chombo cha kuwasemea.

Hapa pana funzo la pili. Umoja bila utaratibu ni kama tishali lisilo na kamba. Maji hulichukua.

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliunda shirikisho, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Mwaka 1964 vyama viliunganishwa kuwa chama kimoja, NUTA. Siku hizi vyama ni vingi tena. Wafanyakazi wa bandari wana DOWUTA.

Sheria inasemaje?

Pengine wewe ni mkulima. Lakini mwanao, au jirani yako, huenda anafanya kazi shambani kwa mtu, kiwandani au bandarini. Mweleze mambo haya ya sheria ya ajira ya mwaka 2004:

1. Mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama. Watu 20 wanatosha kuanzisha chama.
2. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi.
3. Aliyeachishwa kazi kwa uonevu hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikae zaidi ya siku 30.
4. Kabla ya kugoma, usuluhishi hutangulia. Ukishindikana, mwajiri hupewa taarifa ya saa 48. Kazi nyingine, kama za hospitali na maji, zina masharti yake.

Mambo haya yote yana karatasi: barua, fomu, kitabu cha wanachama, hesabu ya ada. Asiyejua kusoma hutia dole gumba mahali asipopajua. Wewe sasa unajua kusoma. Soma kwanza, ndipo utie sahihi.

Maneno ya kujifunza

*kuli* – mpakiaji na mpakuaji wa mizigo
*tishali* – chombo cha kuchukua mizigo kutoka melini hadi pwani
*mgomo* – kuacha kazi kwa pamoja ili kudai haki
*ada* – fedha anayotoa mwanachama

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mgomo wa 1947 ulikuwa na nguvu kuliko ule wa 1939?
2. Chama cha makuli kilipotezaje nguvu mwaka 1950?
3. Wafanyakazi 17 wanataka kuanzisha chama. Wanahitaji wengine wangapi?
4. Mtu ameachishwa kazi tarehe 3 Juni. Amekuja kwako tarehe 25 Juni. Zimebaki siku ngapi? Utamshauri afanye nini?

Kazi ya kuandika

Andika barua fupi kwa ndugu yako aliyepata kazi Dar es Salaam. Mweleze mambo mawili ya kuangalia kabla ya kutia sahihi.