Watu, Nyumba na Mipango: Kufundisha kwa Mfano wa Parishi za Mashambani Uingereza

Utangulizi

Katika Maarifa ya Jamii, mada ya idadi ya watu aghalabu hufundishwa kama orodha ya tarakimu. Nchi fulani ina watu kadha, mji fulani una watu kadha. Mwanafunzi huzikariri tarakimu hizo, huzijibu katika mtihani, kisha huzisahau. Madhumuni ya makala haya ni kumwonyesha mwanachuo namna ya kuifundisha mada hiyo pamoja na makazi na mipango ya maendeleo, ili mwanafunzi wa darasa la sita au la saba atambue kwamba nyuma ya kila tarakimu kuna uamuzi: nani atajengewa nyumba, shule ipi itabaki wazi, na kijiji kipi kitaachwa kife.

Tumechagua mfano wa Uingereza kwa sababu mbili. Kwanza, nchi hiyo imewahesabu watu wake kila baada ya miaka 10 tangu 1801, isipokuwa 1941 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo mabadiliko ya makazi yake yaweza kufuatwa kwa zaidi ya karne mbili. Pili, wanafunzi wengi hudhani kwamba vijana kuhama vijijini na uhaba wa nyumba ni matatizo ya nchi changa peke yake. Mfano wa mbali huwasaidia kuyatazama mambo hayo bila upendeleo, na kisha kuyatazama ya kwao kwa macho mapya.

Maana ya parishi

Neno parishi huenda likawatatiza wanafunzi wanaolijua kama eneo la kanisa. Hata Uingereza ndivyo lilivyoanza. Lakini Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1894 iliunda halmashauri za parishi zinazochaguliwa na wakazi, na kuzitenga shughuli za kiraia na zile za kanisa. Tangu hapo parishi ya kiraia imekuwa ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Yaweza kuwa kijiji kimoja au vijiji kadhaa vidogo vilivyo pamoja. Baadhi ya parishi zina watu wachache sana, na nyingine ni miji midogo kamili.

Halmashauri ya parishi hutunza mambo kama uwanja wa michezo, makaburi na ukumbi wa kijiji. Katika ujenzi uwezo wake ni mdogo. Tangu Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1947, mwenye kiwanja hawezi kujenga bila kibali, na kibali hicho hutolewa na mamlaka iliyo juu ya parishi. Parishi huarifiwa na kutoa maoni. Mwanachuo alishike jambo hili, maana ndilo kiini cha somo: wanaoishi kijijini na wanaokipangia kijiji si watu wale wale.

Hesabu ya watu na hesabu ya nyumba

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba watu wakiongezeka ndipo nyumba huhitajika, na wasipoongezeka nyumba zilizopo zatosha. Mwalimu aweza kuliondoa kosa hili ubaoni kwa hesabu nyepesi.

Tuchukue parishi ya kufikiriwa yenye watu 600. Ikiwa kila nyumba ina wastani wa watu 4, parishi yahitaji nyumba 150. Ikiwa wastani ni watu 2.4, watu wale wale 600 wahitaji nyumba 250. Zimehitajika nyumba 100 zaidi, hali hapakuzaliwa wala kuhamia hata mtu mmoja zaidi. Tugeuze hesabu. Nyumba zikibaki 150, na wastani ukashuka hadi 2.4, watu watakaobaki ni 360. Parishi imepoteza watu 240, wala hapakubomolewa hata nyumba moja.

Wastani huu haukubuniwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kaya moja ya Uingereza ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 4. Katika sensa za 2011 na 2021 wastani ulikuwa 2.4. Sababu zake wanafunzi waweza kuzitaja wenyewe wakiongozwa: wazazi huzaa watoto wachache, watu huishi miaka mingi zaidi, wajane na wazee hukaa peke yao, na vijana hutafuta makao yao wenyewe. Kwa kulinganisha, wastani wa kaya katika sensa ya Kenya ya 2019 ulikuwa watu 3.9, na katika sensa ya Tanzania ya 2022 watu 4.3.

Hatua ya tatu ni kuuliza nani yumo ndani ya nyumba. Katika parishi yetu yenye nyumba 250, tuseme nyumba 50 zimenunuliwa na watu wa mijini wanaokuja wakati wa likizo tu. Zimebaki nyumba 200 zenye wakazi wa kudumu, yaani watu 480. Nyumba zaonekana kuwa nyingi, lakini shule imepungukiwa na watoto, na duka limepungukiwa na wanunuzi. Hapo mwanafunzi ataona kwamba idadi ya watu, idadi ya kaya na idadi ya nyumba ni vipimo vitatu mbalimbali, na kwamba mpangaji anayetumia kimoja na kuviacha viwili hupotea njia.

Vijiji vya Daraja la D

Sasa mwalimu awape wanafunzi tukio la kweli. Kaunti ya Durham iko kaskazini mashariki mwa Uingereza. Katika karne ya 19 yalichimbwa huko makaa ya mawe kwa wingi, na kando ya machimbo zikajengwa safu za nyumba kwa ajili ya wachimbaji na jamaa zao. Vijiji vingi vilizaliwa hivyo, katikati ya mashamba, kwa sababu moja tu: kazi iliyokuwa chini ya ardhi. Makaa yalipokwisha, kijiji kilibaki na watu bila kazi.

Mwaka 1951 halmashauri ya kaunti ilitoa mpango wa maendeleo uliogawanya makazi yote katika madaraja manne. Daraja la A ni makazi yaliyotarajiwa kukua, la B ni yale ambayo yangebaki kama yalivyo, na la C ni yale ambayo yangepungua. Daraja la D lilikuwa la vijiji vilivyohesabiwa kuwa havina mustakabali. Humo hapakuwa na ruhusa ya kuweka fedha nyingi za umma. Nyumba zikichakaa zingebomolewa, na wakazi wangehamishiwa kwingine. Vijiji 114 viliwekwa katika daraja hilo.

Yafaa wanafunzi wazielewe sababu za wapangaji, maana hazikuwa za kipuuzi. Nyumba nyingi za wachimbaji zilikuwa mbovu, zenye unyevu na vyoo vya nje. Kupeleka maji, barabara, shule na zahanati katika vijiji vingi vidogo ni gharama kubwa kuliko kuvipeleka mahali pamoja. Tena mji mpya wa Peterlee, ulioidhinishwa mwaka 1948 katika kaunti hiyo hiyo, uliahidi nyumba bora. Mji huo ulipewa jina la Peter Lee, kiongozi wa wachimbaji aliyewahi kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kaunti. Kwa hiyo waliotia sahihi mpango wa 1951 hawakuwa maadui wa wachimbaji.

Hata hivyo, angalia kilichotokea. Kijiji kilipotangazwa kuwa cha Daraja la D, hapakuwa tena na sababu ya kukitengeneza. Mwenye nyumba hakuona faida ya kuezeka upya nyumba itakayobomolewa. Mwenye duka hakuongeza bidhaa. Vijana waliooana hawakupata nyumba mpya, wakaondoka, na watoto wao wakaondoka nao. Baada ya miaka kadhaa mpangaji aliyefika kijijini aliona paa zilizobomoka na watu waliopungua, akasema kwamba utabiri ulikuwa sahihi. Lakini utabiri huo ndio uliochangia kuyaleta yale uliyoyatabiri. Walioumia zaidi ni wazee waliokwisha kuzinunua nyumba zao, kwa kuwa fidia ya nyumba iliyotangazwa kuwa haifai kukaliwa mara nyingi ilihesabiwa kwa thamani ya kiwanja tu.

Kijiji cha Witton Park ni mfano mmojawapo. Kilikua kwa sababu ya kiwanda cha chuma kilichofunguliwa mwaka 1846 na kufungwa mwaka 1884. Kiwanda kilikufa, lakini watu hawakuondoka wote. Mpango wa 1951 ulikiweka kijiji hicho katika Daraja la D, na nyumba zake nyingi zikabomolewa. Wakazi walipinga, na kijiji kingalipo hata leo, ingawa ni kidogo kuliko zamani. Vijiji vingi vingine vya daraja hilo navyo vingalipo. Halmashauri yenyewe iliiacha siasa hiyo mwaka 1977.

Funzo lake ni hili. Wapangaji walihesabu makaa, ajira na gharama. Hawakuhesabu undugu, makaburi ya wazazi, ujirani, wala nia ya mtu kukaa pale alipo na kusafiri kwenda kazini. Mambo hayo hayaandikwi katika jedwali, lakini yana nguvu ya kukifanya kijiji kiishi baada ya sababu yake ya kwanza kuisha.

Wakazi wanapopanga wenyewe

Sheria ya mwaka 2011 ilizipa parishi nafasi mpya. Halmashauri ya parishi yaweza kuandaa mpango wa ujirani unaoonyesha mahali pa kujenga na aina ya nyumba zinazohitajika. Mpango huo hukaguliwa na mkaguzi asiye na upande, kisha hupelekwa kwenye kura ya maoni. Ukiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wapiga kura, hutumika kisheria katika kuamua maombi ya vibali. Una mpaka wake: hauwezi kupunguza idadi ya nyumba ambayo mpango wa ngazi ya juu umekwisha kuiagiza.

Mpango wa kwanza kufika kwenye kura ulikuwa wa Upper Eden, eneo la parishi 17 za mashambani katika Cumbria. Tatizo la huko lilikuwa vijana wa wakulima kukosa nyumba karibu na mashamba ya wazazi wao. Kura ilipigwa Machi 2013, na karibu watu 9 kati ya 10 waliopiga kura waliukubali. Mwalimu asifiche upande wa pili: waliojitokeza walikuwa kama theluthi moja tu ya wenye haki ya kupiga kura.

Mji mdogo wa St Ives, katika pwani ya Cornwall, ulikabiliwa na tatizo la nyumba za likizo. Mwaka 2016 zaidi ya 8 kati ya 10 ya waliopiga kura waliukubali mpango unaotaka nyumba mpya zikaliwe na wakazi wa kudumu. Shauri lililofunguliwa Mahakama Kuu kuupinga lilishindwa mwaka huo huo. Lakini sharti hilo lahusu nyumba mpya tu. Mtu wa mjini mwenye fedha aweza bado kununua nyumba ya zamani. Wanafunzi waulizwe: je, bei ya nyumba hizo za zamani itashuka au itapanda?

Kuendesha somo

Vipindi viwili vyatosha. Katika kipindi cha kwanza mwalimu afundishe hesabu ya parishi ya watu 600. Kila kikundi kipewe punje 60 za mahindi, kila punje ikiwa watu 10, na vipande vya karatasi vya kuwakilisha nyumba. Wanafunzi wakiigawa mirundo kwa mikono yao, wastani huacha kuwa neno gumu.

Kipindi cha pili kiwe mkutano wa kuigiza katika kijiji cha Daraja la D. Darasa ligawanywe katika makundi matano: wachimbaji wazee wenye nyumba zao, vijana waliooana, mwenye duka, mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, na wapangaji wa kaunti. Kila kundi litaje tarakimu moja na haja moja. Mwanafunzi anayesema "hatutaki kuhama" atoe sababu, na mpangaji anayesema "fedha hazitoshi" aonyeshe hesabu. Baada ya kura, mwalimu asimulie yaliyotokea Durham. Asiyasimulie kabla, maana wanafunzi wataiga jibu badala ya kufikiri.

Kazi ya nyumbani ni kuhesabu watu katika kaya kumi za jirani na kutafuta wastani. Mwalimu aombe kwanza idhini ya uongozi wa kijiji au mtaa. Wanafunzi wasiulize mapato, dini wala mambo ya siri ya nyumba za watu, na majina yasiandikwe. Wastani watakaoupata ulinganishwe na ule wa sensa ya taifa, na tofauti ijadiliwe darasani.

Maswali ya kupima

1. Parishi ina nyumba 180, na nyumba 30 kati yake ni za likizo. Wastani wa kaya ni watu 2.4. Wakazi wa kudumu ni wangapi?

2. Eleza namna idadi ya nyumba inavyoweza kuongezeka bila watu kuongezeka.

3. Taja sababu mbili za haki walizokuwa nazo wapangaji wa Durham, na mambo mawili waliyoyasahau.

4. Ungekuwa diwani wa kaunti mwaka 1951, mwenye fedha za kutengeneza vijiji viwili tu kati ya vitano, ungewauliza nini wakazi kabla ya kuamua?

Swali la nne halina jibu moja. Mwanachuo atoe alama kwa uzito wa maswali ambayo mwanafunzi ameyafikiri. Mtoto aliyejifunza kuuliza leo ndiye atakayeketi kesho katika mkutano wa kijiji chake, akiwa na daftari la hesabu mkononi na majirani zake kando yake.