Chujio la Petroli: Lifungwe Wapi Katika Lori la Zamani?



Msimu unapokaribia kila mmoja wetu hutazama mikarafuu yake, majamvi yake na magunia yake. Lori husahauliwa mpaka siku linapozima njiani. Na likizima na karafuu mbichi, hasara si ya dereva peke yake. Karafuu zilizolala guniani usiku kucha hupata joto na kuchacha, na zikianikwa hutoka zimesinyaa, rangi imepotea, daraja limeshuka. Kazi ya mchumaji na ya mwenye shamba imeharibika kwa chembe moja ya kutu.

Mwanachama mmoja aliyerudi kutoka Bunda, katika mkoa wa Mara, ametuletea swali ambalo twaona lawafaa wengi. Malori ya pamba aliyoyaona huko yamefungwa chujio la petroli chini ya bodi, karibu na tangi. Lake yeye limefungwa juu, karibu na kabureta. Auliza, lipi sawa?

Somo hili ni la lori la petroli lenye kabureta na pampu inayoendeshwa na injini, kama zile Bedford za petroli walizozijua wazee wetu. Lori la dizeli lina mpango wake mwingine.

Njia ya petroli

Kwanza tuifuate petroli. Hutoka tangini, hupita katika bomba chini ya bodi, hufika kwenye pampu ubavuni mwa injini, kisha hupanda kwenye kabureta. Pampu ina kiwambo kinachopanda na kushuka na vali ndogo mbili. Kabureta ina boya na sindano ya kufunga petroli bakuli likijaa, na ina jeti ambayo tundu lake halifiki upana wa milimita 2. Uchafu ukikaa chini ya sindano, petroli hufurika. Ukiziba jeti, injini hukosa nguvu mlimani. Ukikwama katika vali za pampu, petroli haipandi kabisa.

Kabla ya pampu

Chujio likiwa kati ya tangi na pampu hulinda vyote viwili, pampu na kabureta. Lakini upande huu petroli huvutwa, haisukumwi, na hapo pana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, petroli inayovutwa hugeuka mvuke upesi ikipata joto, na pampu haiwezi kuvuta mvuke vyema. Kwa hiyo chujio lisiwe zito la kupitisha, wala lisikae karibu na bomba la moshi. La pili, kiungo kikilegea upande huu huenda kisidondoshe hata tone. Badala yake huvuta hewa. Dereva hutazama chini, haoni petroli, akadhani pampu imekufa.

Baada ya pampu

Hapa petroli inasukumwa, na pampu za namna hii kwa kawaida husukuma kwa kiasi cha paundi 3 hadi 6 kwa inchi ya mraba. Chujio laini hupitisha vizuri, tena hukamata na vipande vinavyotoka katika pampu yenyewe. Viwanda vingi viliweka chujio mahali hapa. Ila pampu yabaki bila ulinzi, na mpira ukipasuka petroli hurushwa juu ya injini ya moto. Hiyo ni hatari ya kuteketeza lori na mzigo.

Kwa nini Bunda hufunga chini?

Bunda iko kwenye barabara ya Mwanza na Musoma, katika nchi ya pamba. Pamba huvunwa kiangazi, vumbi limepanda, na lori huingia vijijini kwa njia za udongo. Petroli ikimiminwa kutoka pipani, mchanga na kutu huingia pamoja nayo tangini. Mwenye lori wa namna hiyo ana sababu njema ya kuzuia uchafu kabla haujafika kwenye pampu. Sisi huku vumbi letu ni dogo, lakini hewa ya chumvi na unyevu hulila tangi kwa ndani. Basi ugonjwa ni mmoja.

Shauri letu

Kama utafunga chujio moja tu, lifunge kabla ya pampu. Ukiweza mawili, weka la matundu mapana kabla ya pampu na laini baada yake. Pampu yenye kikombe cha kioo iachiwe kikombe chake, nacho kisafishwe, kwani maji hutuama humo.

Katika kufunga, yashikwe haya:

1. Injini iwe imepoa, betri imefunguliwa, wala pasiwe na sigara wala taa ya moto. Ndoo ya mchanga iwe karibu.
2. Ziba bomba la tangini mara ulikatapo, maana petroli yaweza kuendelea kutiririka.
3. Mshale ulio juu ya chujio uelekee kwenye injini.
4. Tumia mpira wa petroli na klipu. Mpira wa maji utalainika, na waya utaukata.
5. Lifunge mbali na bomba la moshi, lisiguse chuma kinachotikisika, na liwe mahali unapoweza kulitazama bila kulala matopeni.
6. Washa injini, kisha kagua kila kiungo kwa macho na kwa kidole.

Chujio jipya likichafuka tena kwa siku chache, usilaumu chujio. Tangi lina kutu; lishushwe, lioshwe, au libadilishwe. Chujio ni bawabu, halifagii nyumba.

Maswali ya kujipima

Ni upande gani kiungo kilicholegea huvuta hewa? Kwa nini chujio laini sana halifai kabla ya pampu? Lori lizimalo mlimani na kuwaka tena baada ya kupumzika, utaanza kutazama wapi?

Twawaomba wenye malori wayakague sasa, kabla ya gunia la kwanza kupakiwa. Chujio ni kitu cha bei ndogo, na karafuu iliyochacha hairudi kuwa mbichi.

Katibu