SOMO: Shati la Maua na Kazi Isiyohesabiwa



Somo la safari hii linahusu shati. Tunazungumza juu ya lile shati la maua makubwa, la mikono mifupi, lenye kola iliyolala wazi bila tai, na pindo lililonyooka ili livaliwe nje ya suruali. Wengi huliita shati la Hawaii. Hapa Kampala utalikuta Owino likitolewa katika marobota ya mivumba, na utalikuta Kiyembe likishonwa jipya kwa kitenge. Akina mama nao wana gauni lake, pana na la maua hayo hayo. Tumelichagua kwa sababu linaonyesha, pengine kuliko nguo nyingine yoyote, jinsi kazi ya mikono inavyoongeza thamani ya kitu, kisha aliyeifanya akaondoka na ujira ule ule wa jana, au pungufu yake.

SHATI LILIKOTOKA

Hawaii ni visiwa katika Bahari ya Pasifiki, na tangu mwaka 1959 ni jimbo la Marekani. Kabla ya watalii kuvijaa, utajiri wa visiwa hivyo ulikuwa miwa. Wenye mashamba waliwaleta vibarua kutoka China, Japani, Ureno, Korea, Puerto Rico na Ufilipino, wakawapanga katika kambi na kuwawekea manyapara. Ndugu zetu wa Kakira na Lugazi hawana haja ya kuelezwa maisha hayo yalivyo. Vibarua hao walivaa shati la kitambaa kigumu cha miraba, lililoitwa palaka. Ndilo lililokuwa shati la kazi.

Shati la maua lilizaliwa mjini Honolulu, mikononi mwa mafundi cherehani, wengi wao Wajapani na Wachina, waliochukua vitambaa vya maua vilivyokusudiwa kimono wakavishonea mashati mapana. Mwaka 1935 duka la Musa-Shiya lilitangaza gazetini mashati ya “Aloha” kwa bei ya kuanzia senti 95 za Kimarekani. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Ellery Chun akaandikisha jina hilo kuwa alama yake ya biashara. Jina likapata mwenyewe, ingawa ushonaji ulikuwa wa mafundi wengi.

Yafaa tutaje na jambo la pili la visiwa hivyo, kwa kuwa linatuhusu. Kwa miaka mingi wenye mashamba waliwagawa vibarua kwa taifa: Mjapani alipogoma, Mfilipino aliletwa ashike panga lake. Mwaka 1946 mbinu hiyo ilishindwa. Wafanyakazi wa miwa wapatao 26,000, wa mataifa yote, wakiwa ndani ya chama kimoja cha ILWU, waligoma kwa siku 79 katika mashamba 33 kati ya 34. Walipata nyongeza ya mshahara. Walipata pia jambo ambalo tunaliona kubwa kuliko nyongeza yenyewe: nyumba, kuni na matibabu ambayo tajiri alidai kuwapa “bure” yaligeuzwa kuwa fedha taslimu ndani ya mshahara. Kilichoitwa zawadi kikahesabiwa kuwa ni sehemu ya ujira.

Gauni la Hawaii, linaloitwa muumuu, lilitokana na mavazi mapana yaliyoletwa na wamisionari tangu mwaka 1820. Mfano wake tunao hapa nyumbani. Gomesi, au busuuti, husimuliwa kuwa ilianza kama sare ya wasichana wa shule ya Gayaza, iliyofunguliwa mwaka 1905, na jina lake ni la fundi Mgoa aliyeishona, Bwana Gomes. Mabega yake yamechongoka, shingo ni ya mraba na ina vifungo viwili upande wa kushoto, na mshipi hufungwa chini ya kiuno. Hula mita tano hadi sita za kitambaa. Fundi anayejua kushona gomesi ikakaa sawasawa juu ya kikoyi cha ndani hababaishwi na gauni lolote la Hawaii.

MEZANI KWA MKATAJI

Sasa tuingie kazini. Kitenge huuzwa kwa kawaida katika vipande vya yadi 6, upana wake kama inchi 45. Shati la mtu mzima la mikono mifupi hutaka kama yadi 2. Kwa hiyo mwenye duka hupiga hesabu ya haraka: kipande kimoja, mashati matatu. Hesabu hiyo ni sahihi kwa kitambaa kisicho na maua, au chenye vidoa vidogo visivyo na juu wala chini. Kwa kitenge chenye maua makubwa kama sahani, hesabu hiyo inadanganya.

Maua makubwa hujirudia kila baada ya urefu fulani wa kitambaa. Mkataji mzuri huanza kwa kuutafuta urefu huo kwa tepu. Kisha hutazama kama picha ina juu na chini. Akiweka kanzaga au mti wa mgomba kichwa chini, mteja hatalichukua shati hata apunguziwe bei. Hukata kwanza upande wa kushoto wa mbele, kwa kuwa kwenye shati la kiume ndio unaolala juu. Halafu huulaza upande huo juu ya kitambaa kilichobaki, akiusogeza polepole mpaka ua lililokatika katikati ya kifua lipate nusu yake, ndipo akate upande wa kulia.

Mfuko ni mgumu zaidi. Huukata kwa kuweka karatasi ya mfuko juu ya kifua mahali utakaposhonwa, akachora mistari ya ua inapopita, kisha akatafuta mahali penye mistari hiyo hiyo kwenye kitambaa kilichobaki, asisahau upana wa pindo litakalokunjwa ndani. Ukikosea kwa upana wa kidole, jani linavunjika, na mteja anaona mfuko kabla ya kuona shati. Mfuko uliokatwa vizuri hauonekani. Lazima uutafute kwa mkono. Wanunuzi wa mashati ya Hawaii duniani kote hutambua shati la bei kwa alama hiyo, pamoja na vifungo vya kifuu cha nazi au vya mbao.

Tuongeze la kufua. Kitenge kipya cha pamba hutoka kigumu kwa wanga, na hupungua kikiingia majini. Fundi mwaminifu hukiloweka, hukianika na kukipiga pasi kabla hajakikata. Hiyo nayo ni kazi, na hiyo nayo haimo katika bei ya kipande.

Kwa utaratibu huu shati moja hula yadi 2 na nusu. Yadi 6 zinatoa mashati mawili, na inabaki yadi moja ya kushonea kijana shati au kilemba cha mama. Katika karakana nyingi ugomvi wa kwanza huwa juu ya yadi hiyo moja: ni ya nani? Tunashauri jambo hilo lisemwe wazi kabla ya kazi kuanza, maana bila hivyo litageuka kuwa shtaka la wizi.

HESABU YA SIKU MOJA

Tarakimu tutakazotumia ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi. Kila tawi liweke bei za mahali pake.

Tuseme fundi analipwa shilingi 5,000 kwa shati, liwe la maua au la rangi moja. La rangi moja anashona manne kwa siku. Amepata 20,000. Kitambaa cha shati moja ni yadi 2 kwa shilingi 5,000 kila yadi, yaani 10,000, uzi, vifungo na kitambaa kigumu cha kola 2,000, ujira 5,000. Jumla 17,000. Shati linauzwa 30,000. Limebaki 13,000, na kwa mashati manne ya siku nzima 52,000. Humo mwenye karakana atoe kodi ya chumba, umeme, leseni, na faida yake.

Sasa lije shati la maua. Kitambaa ni yadi 2 na nusu kwa shilingi 6,000 kila yadi, yaani 15,000. Uzi na vifungo 2,000. Ujira ule ule 5,000. Jumla 22,000. Lakini kwa ajili ya maua yaliyokutana kifuani, mteja analipa 45,000. Limebaki 23,000. Kwa kuwa kulinganisha maua kunakula muda, fundi anamaliza mashati matatu tu. Kwa siku nzima karakana imebakiwa na 69,000. Fundi amepata 15,000.

Tazameni vizuri, ndugu. Tajiri ameongeza 17,000. Fundi, aliyefanya kazi ngumu zaidi na kwa ustadi mkubwa zaidi, amepungukiwa 5,000. Hakuna aliyemkata mshahara, na msimamizi hakumtukana. Bei ya kipande imebaki pale pale, basi. Na ndiyo maana wengi hawaioni hasara hiyo mpaka Jumamosi wanapohesabu fedha.

Ili fundi abaki tu na 20,000 zake za jana, bei ya kipande ingebidi ifike kama 6,700. Hata hapo karakana ingebakiwa na 63,900, ambayo bado inazidi zile 52,000. Kwa hiyo tajiri akisema kuwa nyongeza hiyo itamfilisi, mwekeeni karatasi mezani.

Mkata miwa atasema haya ni mambo ya mjini. Sivyo. Anayelipwa kwa tani hulipwa vilevile shamba likiwa limesimama wima au limelala kwa upepo, ingawa miwa iliyolala hukatwa kwa taabu mara mbili. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, msimu wa mvua na wa jua. Kipande ni kipande popote, na swali ni lile lile: ugumu wa kazi umehesabiwa wapi?

KITAMBAA CHENYEWE

Pamba iliingizwa Uganda kwa biashara mwaka 1903, na kufikia mwaka 1970 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya marobota 400,000. Kiwanda cha Nytil cha Jinja, kilichotumia umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, kilisokota uzi, kikafuma na kupiga chapa. Kisha ikaja miaka ya 1970: kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, vipuri kukosekana, magendo, vita. Wakulima waliacha pamba kwa kuwa haikuwalipa, na mashine zikakaa kimya. Katika miaka ya 1990 Nytil ikauzwa kwa watu binafsi. Leo kitenge kingi unachokiona Kiyembe kimechapwa China au India.

Upande wa pili wa barabara kuna mivumba. Shati la Hawaii lililovaliwa huko Marekani likachoshwa linafika Owino katika robota, na wachuuzi hodari huwahi robota linapofunguliwa ili wachague la kwanza. Bei ya shati hilo ndiyo dari ya bei ya shati jipya. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua mpaka ikome mwaka 2019. Marekani ikatishia kuziondoa katika mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu nguo za Afrika kuingia huko bila ushuru. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishwa upande wa nguo. Wengine walirudi nyuma. Uganda yenyewe iliondolewa katika AGOA tarehe 1 Januari 2024, kwa sababu nyingine. Sisi hatuwalaumu wachuuzi wa Owino. Nao wana watoto. Tunasema tu kwamba fundi anashindana na shati ambalo gharama ya kulishona ililipwa miaka mingi iliyopita, na mtu mwingine.

BUGOLOBI, 2003

Kwa ajili ya AGOA hiyo hiyo, mwaka 2003 kampuni ya Tri-Star ilianza kushona nguo Bugolobi, serikali ikidhamini mikopo yake. Wasichana kutoka wilaya nyingi waliletwa, wakafundishwa na kulazwa hapo hapo. Mwezi wa Oktoba waligoma, wakilalamikia saa ndefu na jinsi walivyotendewa na wasimamizi. Zaidi ya 200 walifukuzwa, na Rais Museveni alitetea hadharani kufukuzwa kwao, akisema mgomo huwatisha wawekezaji. Miaka michache baadaye kiwanda kilifungwa, migomo au bila migomo.

Mwaka 2006 zilipitishwa Sheria ya Ajira na Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi. Mfanyakazi anayo haki ya kujiunga na chama. Wiki ya kazi ni saa 48, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, siku za sikukuu mara mbili. Mwajiri hana budi kutoa maelezo ya mshahara kwa maandishi, pamoja na makato yote. Ila kima cha chini cha mshahara ni kile cha mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambacho leo hakifiki dola 2. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia sahihi. Kwa hiyo bei ya kipande haina sakafu ya sheria. Sakafu yake ni ile itakayoandikwa katika mapatano kati ya chama na mwajiri.

YA KUJADILI TAWINI

Kila mshonaji aandike kwa wiki moja saa anazotumia kwa kila aina ya nguo: ya rangi moja, ya miraba, ya maua makubwa, na gomesi. Ndugu wa mashambani waandike vivyo hivyo kwa kila hali ya shamba. Je, bei ya kipande inatofautiana kama saa zinavyotofautiana? Nguo ikiharibika kwa sababu kitambaa hakikulowekwa, nani anakatwa? Mabaki ni ya nani? Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mazungumzo ya bei mpya, yakiwa na tarehe na idadi ya vipande, kwa maana mwajiri huja na daftari lake.