Kompyuta Inayopoteza Tarehe

Watumishi na wananchi wenye kompyuta za mezani majumbani wanaarifiwa kwamba mashine inayosahau tarehe na saa kila umeme ukatikapo, aghalabu imeishiwa betri yake ndogo ya ndani. Wengi huvituhumu virusi bure. Betri hiyo, mfano wa sarafu, kwa kawaida ni aina ya CR2032 ya volti 3. Kurekebisha saa kila asubuhi si tiba. Siku itakaposahauliwa, barua ya leo itahifadhiwa kwa tarehe ya miaka iliyopita. Waya wa umeme uchomolewe kabla ya kufungua kasha. Betri kuukuu iwekwe mbali na watoto: ikimezwa huweza kuunguza umio katika muda wa saa 2, hivyo mtoto apelekwe hospitali mara moja.