Haradali, Ndoo na Nyungunyungu wa Kihamba

Kwenye maonyesho ya Nane Nane nilibishana na muuza minyoo hadi watu wakajaa. Alikuwa na beseni la nyungunyungu wa kutengenezea mboji, anawapima kwa kilo, na bango lake limeandikwa "wa kienyeji asilia". Nikaomba nimshike mmoja. Akanitemea kidoleni majimaji ya njano yenye harufu kali. Mwili una mistari myekundu, na mkanda wa uzazi umekaa nyuma, kuanzia pingili ya 24 hivi, umepanda mgongoni bila kuzunguka tumbo. Huyo ni Eisenia fetida, asili yake Ulaya. Muuzaji akanijibu, "Mama, huyu nimemchimba kwenye samadi ya ng'ombe wangu mwenyewe, atakuwaje Mzungu?" Watu wakacheka, na wakanunua.

Mboji anatengeneza vizuri, sikatai. Ila wa kwetu tunao, na wengi hatujawahi kuwaona. Basi hatua za kuwatafuta ni hizi.

Kwanza, ngoja mvua ilowanishe ardhi. Pili, chimba mraba wa sentimita 25 kwa 25, kina 30, uchambue udongo kwa mikono juu ya turubai. Wadogo wa tabaka la juu utawapata hivyo, na kwao hakuna njia nyingine ya maana. Tatu ndipo penye kazi, maana wakubwa wa mashimo marefu wakisikia jembe huzama. Watafiti wa zamani walimwaga formalini. Wewe usithubutu, tumia haradali.

Siyo ile laini ya chupa, ambayo ni siki na rangi tu. Unga wa pakiti uliokaa rafuni mwaka mzima nao hauwashi hata ulimi. Mjini Moshi nilizunguka maduka hadi nikapata muuza viungo aliyekubali kusaga mbegu nikiwa nimesimama pale pale. Bei yake ilinikera, lakini mali ilikuwa mali. Sasa sikiliza: ukali haumo kwenye unga mkavu. Hutengenezwa na kimeng'enya pale unga unapokutana na maji, na maji ya moto hukiua. Kwa hiyo maji baridi, koroga uwe uji mzito, funika, uache mpaka ukiunusa macho yatoke machozi. Ndipo uuzimue, kama gramu 10 za unga kwa lita moja ya maji. Fagia majani kwenye eneo la nusu mita kila upande, umwage polepole.

Kihambani kwetu, yaani shambani pale nyumbani, chini ya migomba, kulikuwa kimya kwa dakika kadhaa. Kisha udongo ukatikisika, akachomoza mmoja mrefu, zambarau iliyokolea, anang'aa kama mafuta juani. Jirani yangu alikimbia. Usimvute, atakatika! Subiri atoke mzima, umwoshe haraka kwa maji safi, maana haradali inamuunguza ngozi.

Mkanda wake ulikuwa karibu na kichwa, dalili ya familia ya Eudrilidae, wenyeji wa Afrika kusini ya Sahara. Lakini usishangilie mapema: Eudrilus eugeniae wa Afrika Magharibi naye anang'aa, naye anauzwa. Kuwatenganisha kunataka darubini na kupasua. Niliwatia wachache kwenye spiriti, nikampelekea mwalimu wa zoolojia, akanithibitishia ni Polytoreutus, jenasi ya Afrika Mashariki. Siku hiyo sikulala mapema.

Hatua ya nne ilikuwa ikolojia, lakini nimemaliza nafasi. Jua tu kwamba wapo wanaoishi kwenye majani yaozayo, wapo wanaokula udongo wenyewe, na wapo wanaochimba mashimo ya kusimama yanayopitisha maji ya mvua. Kwenye vinamasi vya mafunjo vya Uganda yupo Alma emini, anayetoa mkia juu ya tope na kuukunja kama mfereji ili avute hewa.

Kama unafuga minyoo ya kununua, mabaki ya beseni usiyatupe msituni wala kando ya mto. Pontoscolex corethrurus wa Amerika Kusini amesambaa tropiki nzima, kwa sehemu kubwa kupitia udongo na miche ya watu. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa.