Ukuta umeota ukungu, magunia yameegemea hapo hapo

Kila masika swali ni lile lile: "Bwana shamba, ukuta wa chumbani umeota ukungu mweusi, nipake rangi gani?"

Rangi haitibu ukungu, inauficha tu. Ukungu unafuata maji, kwa hiyo tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ukianzia sakafuni na kupanda, mara nyingi ni maji ya ardhini yanapita kwenye msingi, hasa kama fundi hakuweka nailoni au udongo wa nje umezidi kimo cha sakafu. Ukianzia juu, kagua bati. Huna uhakika? Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa solotepu, ziba pande zote nne, acha siku mbili. Jasho likiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Likiwa kwa mbele, unyevu ni wa chumbani: mnapikia ndani, mnaanika nguo, dirisha halifunguliwi.

Rekebisha hicho kwanza: shusha udongo, chimba mtaro, ziba bati, fungua dirisha. Halafu vaa barakoa na glovu, lowanisha ukungu (ukikwangua mkavu vumbi lake mnalivuta), sugua kwa sabuni, kisha maji yenye jiki. Jiki usiichanganye na siki wala dawa ya choo, hewa yake ni sumu. Rangi isubiri ukuta ukauke kabisa.

Sasa mbona naandika mimi na sio fundi? Kwa sababu ukuta huo huo ndio tunaoegemeza magunia ya mahindi na makopa! Ukungu wa ukutani si lazima uwe ule unaotoa sumukuvu, ila unyevu unaoulisha unapenya gunia na kuikaribisha kuvu ya nafaka. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na jirani zake, Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sumukuvu. Wachunguzi walikuta waliohifadhi mahindi mabichi-mabichi, na ndani ya nyumba badala ya ghalani, ndio walioathirika zaidi. Kwetu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Kabla ya kufunga gunia, tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi turubaini juani.

Yaliyokwisha kuota kuvu msioshe mkasaga. Moto wa ugali hauiondoi sumukuvu. Na msiwape kuku mkidhani mmeokoa hasara, maana sumu inaharibu ini la kuku pia, tena utagaji unashuka. Fukieni.